Miaka 14 Ndani ya Pipa: Namna ya Kuihukumu Burboni ya Kununua

Mbele ya lebo ya chupa yangu ya burboni, wiski ya mahindi ya Marekani, tarakimu mbili zimeandikwa kubwa kuliko jina la kampuni: 14. Chini yake kuna asilimia 58.9 ya alkoholi, yaani prufu 117.8 kwa hesabu ya Wamarekani, ambao huizidisha asilimia mara mbili. Pembeni mtu ameandika kwa kalamu kwamba hii ni chupa ya 74 kati ya 121 zilizotoka kwenye pipa moja. Jina la mji wa Kentucky limechapwa kwa rangi ya dhahabu. Ukiigeuza chupa, chini ya onyo la serikali kwa wajawazito na madereva, utakuta maneno matatu kwa herufi ndogo yanayokuambia kwamba wiski hii ilipikwa Indiana.

Niliinunua kwa dola 190, na kwangu hizo si fedha za kuchezea. Nimeionja kwa wiki tatu, kidogo kidogo, mara nyingi jioni kabla ya chakula, wakati pua bado haijachoshwa na vitunguu. Msimamo wangu nausema mapema. Pipa lenyewe lilikuwa zuri sana, na aliyelitia kwenye chupa alilikosea. Alituuzia umri na ukali, wakati kazi ya mtu anayenunua wiski iliyopikwa na mwenzake ni moja tu, nayo ni kuchagua. Achague pipa lipi, alitoe lini, alichanganye na lipi, na alitie maji kiasi gani. Hakupika, hakutunza chachu, hakukesha na mtambo. Akiacha kuchagua, hana alichofanya.

Ninaishi Louisville, mji ambao Kiswahili kinasikika kwenye mabasi, shuleni na makanisani, kwa sababu familia nyingi za Wakongo zilifika Kentucky kama wakimbizi na kufanya maskani hapa. Tumezungukwa na burboni. Jimbo hili lina watu milioni nne na nusu hivi, na mapipa yanayolala kwenye maghala yake ni zaidi ya milioni 10. Hata hivyo, Waswahili wenzangu wanaotaka kuielewa hukutana na msamiati wa kuonja uliotungwa na watu waliolelewa kwa pai la tufaha na peremende za dukani kwao. Msamiati huo hauwasaidii. Ulimi wetu una maneno yake, tena mazuri, na ndiyo nitakayotumia hapa.

Kwanza kitu chenyewe. Burboni ni wiski ya Marekani ambayo angalau asilimia 51 ya nafaka yake ni mahindi, iliyolazwa ndani ya pipa jipya la mwaloni lililounguzwa ndani kwa moto. Nafaka nyingine huwa ni rai, nafaka iliyo jamaa ya ngano, au ngano yenyewe, pamoja na kimea cha shayiri. Anayejua kimea cha ulezi kwenye mbege anakijua kimea hiki kinafanya kazi gani. Hairuhusiwi kutiwa rangi wala ladha. Sheria inataka isitoke kwenye mtambo ikiwa zaidi ya asilimia 80, isiingie kwenye pipa ikiwa zaidi ya asilimia 62.5, wala isifungwe kwenye chupa ikiwa chini ya asilimia 40. Ikiwa imechanganywa kutoka mapipa mengi, umri wa kwenye lebo ni wa ile changa kuliko zote. Neno la kushika katika maelezo haya ni “jipya”. Pipa la burboni hulaza burboni mara moja tu, kisha huuzwa, mara nyingi Uskoti, likalaze wiski ya watu wengine. Kwa hiyo mti hukutana na wiski ukiwa na nguvu zake zote, na hapo ndipo wema na ubaya wa umri unapoanzia.

Sasa swali la nani kaipika. Wapenzi wengi wa burboni hukasirika wakisikia kwamba mwenye lebo alinunua wiski ya mpishi mwingine, kana kwamba amewaibia. Mimi siungani nao. Mtu wa Dar es Salaam akinunua asali ya wafugaji nyuki wa Tabora, akaichuja, akaitia kwenye chupa yenye jina lake, nani atamwita mwongo? Atakuwa mwongo siku atakapoandika kwamba nyuki ni wa babu yake. Hilo limewahi kutokea katika biashara hii. Templeton Rye ilijitangaza kama wiski ya Iowa yenye mapishi ya enzi za marufuku ya pombe, ilhali ilikuwa imepikwa Indiana. Ilishtakiwa, na 2015 ikakubali suluhu: wanunuzi wakaruhusiwa kudai sehemu ya fedha zao, na lebo ikabadilishwa iseme ilikopikwa. Sheria ya shirikisho inataka jimbo la upishi litajwe pale linapotofautiana na jimbo la anuani iliyo kwenye lebo. Haisemi litajwe kwa herufi kubwa kiasi gani kulinganisha na yale ya dhahabu. Ndiyo maana chupa ya burboni mimi huanza kuisoma mgongoni.

Indiana yenyewe iko ng’ambo tu ya Mto Ohio. Katika mji wa Lawrenceburg, karibu na Cincinnati, kuna kiwanda cha wiski, kilichojengwa kwa matofali, ambacho asili yake ni 1847. Usiuchanganye na Lawrenceburg ya Kentucky, wanakopika Wild Turkey na Four Roses. Seagram ya Kanada ilikinunua kiwanda hicho 1933, mwaka ambao marufuku ya pombe iliondolewa. Seagram ilipogawanywa mwanzoni mwa karne hii, kikaangukia kwa Pernod Ricard ya Ufaransa, ambayo 2006 ilitangaza kwamba itakifunga. Mwaka uliofuata kampuni ya CL Financial ya Trinidad ikakinunua, na 2011 kikapita tena mikononi mwa MGP ya Kansas. Wenye mali walikuwa wakibadilika, wapishi wakaendelea kupika, na mapipa yakaendelea kulala. Yalikuwa mapipa mazuri yasiyo na jina la dukani. Watu wenye mtaji mdogo na pua nzuri wakaanza kwenda kuyaonja na kuyanunua, na kutoka hapo zikazaliwa lebo ambazo leo watu hupanga foleni kuzipata.

Waliofanya vizuri miongoni mwao hawakuficha. Smooth Ambler ya West Virginia ilipouza Old Scout ilisema wazi kwamba haikuipika yenyewe. David Perkins, mwanabiokemia aliyeanzisha High West huko Utah, alijijengea jina kwa kuchanganya wiski za rai alizonunua, za zamani na changa, mpaka akapata kitu ambacho hakuna hata moja kati ya zile ingekifikia peke yake. Hapa Louisville, Barrell Craft Spirits ilianzishwa 2013 na Joe Beatrice bila mtambo wa kupikia. Hununua mapipa ya Kentucky, Tennessee na Indiana, huyachanganya, huyatoa kwa nguvu ya pipa, yaani bila kuyatia maji, na kila toleo hueleza limetoka majimbo gani na lina umri gani. Ninawataja hawa kwa sababu wanaonyesha kwamba mwenye lebo asiyepika anaweza kuwa fundi kamili. Ufundi wake uko kwenye pua na kwenye daftari la michanganyiko yake.

Chupa yangu haina daftari. Ina pipa moja, lililojazwa 2010 kwa maelezo ya lebo, la nafaka yenye asilimia 21 ya rai. Mapishi hayo, mahindi 75, rai 21 na kimea 4, ni moja ya njia mbili kuu za burboni za kiwanda kile cha Lawrenceburg. Nyingine ina rai asilimia 36. Kiwanda hakikutajwa, na hilo halinishangazi, maana mikataba mingi ya kuuza mapipa humkataza mnunuzi kutaja muuzaji. Anayeijua historia hapati tabu kukisia. Kwa hiyo asili ni njema. Swali ni kilichofuata.

Hebu tupige hesabu, kwa sababu watu wengi huvutwa na ule umri bila kujua umelipiwa na nini. Pipa la burboni hubeba lita 200 hivi. Chupa 121 za mililita 750 ni lita zisizofika 91. Zaidi ya lita 109 zimepotea, nyingine zikinywewa na mti wenyewe, nyingi zikipanda hewani kama mvuke, lile ambalo wapishi huliita fungu la malaika. Ni kama kupoteza asilimia tano na nusu ya kilichobaki, kila mwaka, kwa miaka 14. Mwenye ghala amelipa kodi, bima na ulinzi kwa pipa linalozidi kuwa tupu. Hizo ndizo dola 190. Bei ya burboni kuukuu inaeleza mambo yaliyotokea ghalani, na ni halali kabisa. Lakini gharama ya kukifikisha kitu hapa haikuambii kama kilipaswa kufika hapa. Gunia la mchele lililosafirishwa kwa ndege linakuwa ghali, na ladha ya wali inabaki ileile.

Nguvu nayo ina hadithi yake. Katika ghala kavu lenye joto, hasa orofa za juu, maji hutoka kwenye pipa haraka kuliko alkoholi, na asilimia hupanda mwaka hadi mwaka. Katika ghala la baridi na unyevu, kama kule Uskoti, hushuka. Mapipa mengine ya Kentucky huvuka asilimia 70, kiwango ambacho hakiruhusiwi kubebwa na abiria kwenye ndege. Hili la kwangu, likiwa na 58.9 baada ya miaka 14, linanionyesha kwamba lilikaa mahali pa joto la wastani. Hiyo ni habari njema kwa ladha. Na mwenye lebo alipoamua asilitie maji, alijinyima fedha: angelishusha mpaka asilimia 45 angepata chupa 158, yaani 37 zaidi. Wapenzi wa nguvu ya pipa hupenda kusema kwamba huo ni uaminifu. Kwa upande mmoja ni kweli, ananiachia mimi uamuzi wa maji. Kwa upande mwingine, mpishi wa pilau hakuletei viungo vikavu kwenye sahani akakuambia ukoleze mwenyewe kwa sababu yeye ni mwaminifu. Kuna wiski ambayo ubora wake hasa uko kwenye asilimia 50, na fundi anayejua hilo anapaswa kuifikisha hapo kabla ya kuifunga.

Ndani ya pipa kinachotendeka ni hiki. Moto wa kuunguza huivunja lignini, ile inayoupa mti ugumu wake, na humo inatoka vanilini, harufu ileile ya vanila inayolimwa Bukoba na Uganda. Sukari za mti huungua chini ya tabaka la mkaa na kuwa kama ukoko wa sufuria uliotiwa sukari. Mwaloni wa Marekani una laktoni nyingi, na laktoni hizo hunukia nazi. Una pia yujenoli, ambayo ndiyo hasa inayoifanya karafuu inukie karafuu. Mtoto wa Pemba akinusa burboni iliyoiva hahitaji kuambiwa anachokinusa. Haya yote hutoka mapema, mengi katika miaka ya mwanzo. Kinachoendelea kutoka polepole, miaka nenda miaka rudi, ni tanini. Tanini ndiyo ukakasi: kile kinachoushika ulimi ukila bibo la korosho au ndizi mbichi, au ukinywa chai iliyosahauliwa jikoni mpaka majani yakachemka mara tatu. Kidogo chake huipa wiski uti wa mgongo. Kikizidi, huikausha.

Ndiyo maana burboni haifuati hesabu ya Uskoti, ambako pipa lililokwisha kutumika hutoa mti kwa uchache na wiski inaweza kukaa miaka 25 bila kudhurika. Jimmy Russell, aliyeanza kazi Wild Turkey 1954 na kuwa mmoja wa wapishi wanaoheshimiwa kuliko wote hapa, amesema mara nyingi kwamba haipendi burboni iliyokaa sana, kwamba utamu wake uko kati ya miaka sita na 12 hivi. Si sheria, na nimewahi kuonja ya miaka 16 iliyonishangaza kwa ulaini wake. Lakini ni kauli ya mtu aliyefungua mapipa kwa zaidi ya nusu karne, na inapaswa kumfikirisha anayelipa ziada kwa kila mwaka ulioongezwa.

Sasa glasi. Ninatumia ndogo yenye umbo la ua lililofumba, mdomo mwembamba, na ninaitilia mililita 20 tu. Wiski ya asilimia 58.9 ina alkoholi karibu mara moja na nusu ya ile ya kawaida, na anayetaka kuihukumu hapaswi kuilewa. Ninaiacha dakika 15. Nikiinusa haraka, alkoholi inaziba pua na sipati kitu. Baada ya hapo ninailaza glasi kidogo na kunusa mdomo ukiwa wazi kiasi, ili hewa ipite njia mbili.

Harufu ya chupa hii ni ya kupendeza mno, na ninataka kulisema hilo bila kusitasita. Kwanza inakuja sukari guru iliyoyeyushwa. Halafu kashata za nazi, zile za kahawia, zilizoachwa motoni dakika moja zaidi ya inavyostahili. Halafu tende, na nyuma ya tende kuna karafuu, na nyuma ya karafuu kuna kitu cha kabati la mninga la bibi ambalo hufunguliwa sikukuu tu. Rai inajitokeza kama iliki na ganda la chungwa. Niliweza kukaa na glasi hiyo robo saa bila kuinywa. Kama burboni ingekuwa ya kunusa peke yake, makala hii ingekuwa ya sifa tupu.

Funda la kwanza silihesabu. Ni la kuuamsha mdomo, na huwa linaunguza. Inafaa kujua kinachounguza: alkoholi hukigusa kipokezi kilekile cha neva ambacho pilipili hukigusa, na hukishusha kiwango chake cha kushtuka kutoka nyuzi 42 hivi za joto mpaka karibu 34. Joto la mwili wako ni 37. Kwa hiyo moto unaousikia ni joto la mdomo wako mwenyewe, ambalo sasa neva zinalisoma kama hatari. Ndiyo maana haifai kuusifu au kuulaumu ukali wa nguvu ya pipa kana kwamba ni ladha. Wapo wanaojivunia kuustahimili. Kuustahimili ni jambo la neva, na hakukuambii chochote juu ya wiski.

Funda la pili ndilo la kuhukumia. Mbele ya ulimi ni tamu, asali nzito, na utamu wa mahindi ya kuchoma. Katikati, pale ambapo burboni nzuri hupanuka, hii inaanza kujifunga. Ladha ya tende inakatika. Badala yake unakuja ubao, kwanza mzuri, kisha mwingi. Ukiisha kumeza, ukakasi unashuka pande zote za ulimi kama umetafuna kokwa la zambarau, na unakaa dakika nzima au zaidi. Watu husifu ladha inayokaa muda mrefu. Mimi huuliza kilichokaa ni nini. Hapa kilichokaa ni chai kavu na makaa, huku utamu wote uliotangazwa puani umeshaondoka.

Nikatia maji. Matone kwanza, kisha nusu kijiko cha chai. Watu wanaoona haya kutia maji kwenye wiski ya gharama wangefaa kujua kwamba 2017 wanakemia wa Linnaeus University ya Sweden walionyesha, kwa hesabu za kompyuta, namna molekuli ya guayakoli, moja ya zile zinazobeba harufu ya moshi, inavyosogea kuelekea juu ya kimiminika alkoholi inapopungua. Maji hufungua. Na yalifungua: iliki ikawa wazi zaidi, nazi ikarudi. Lakini maji hufungua kila kitu, na tanini pia ilijitokeza, sasa ikiwa haina tena moto wa kuifunika. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote kwa burboni kuukuu ya nguvu ya pipa. Ishushe mpaka asilimia 50 au 48 uone kinachobaki kimesimama. Iliyoiva sawasawa husimama kwa utamu wake. Iliyopitiliza huonyesha mti, kama embe lililolala siku mbili zaidi linavyoonyesha nyuzi zake ukilifinya.

Kwa maoni yangu pipa hili liliiva kwenye miaka kumi, labda 11. Waliolishika wakati huo waliona namba na wakasubiri iwe kubwa zaidi, kwa sababu soko la miaka ile lililipa namba. Sifikirii walikosa pua. Walijua kwamba mtu anayesimama mbele ya rafu hawezi kuonja, anaweza kusoma tu, na kinachosomeka upesi ni umri, asilimia, na idadi ya chupa. Maneno “pipa moja” nayo yamekuwa hirizi. Pipa moja ni zuri likiwa zuri peke yake. Likiwa na upungufu, upungufu huo hauna wa kuufidia.

Nilitaka kuyahakiki maneno yangu kabla ya kuyaandika, basi nikafanya jaribio ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya. Nilikuwa na chupa nyingine ya Indiana, nafaka zilezile, miaka saba, asilimia 50, niliyoinunua dola 45. Peke yake ni wiski changamfu, tamu, yenye matunda, fupi kidogo. Nikachukua mililita 30 za ile ya miaka 14 na 15 za hii ya miaka saba, ambazo kwa pamoja zinakaribia asilimia 56, kisha kijiko kimoja cha chai cha maji kuzileta karibu na 50. Nikafunika glasi kwa kisahani, nikaiacha saa moja.

Jioni ile alikuwapo jirani yangu, mzee wa Bukavu, mtu anayekunywa kwa nadra na anayesema kweli. Nilimwekea glasi mbili bila kumwambia ni nini.

“Hii ya kushoto inanifunga mdomo, kaka,” alisema. “Hii nyingine ni kama ile ya kwanza, lakini imetulia.”

Ile iliyotulia ilikuwa mchanganyiko. Harufu ya kashata na karafuu ilikuwa palepale, imepungua kidogo sana. Katikati ya ulimi, pale palipokuwa panajifunga, tunda la ile changa liliingia na kupajaza. Ukakasi ulibaki kwa kadiri ya kukufanya utake funda jingine. Kwa kanuni ya lebo, mchanganyiko ule ungeandikwa miaka saba, na hakuna ambaye angeulipia dola 190. Ulikuwa bora kuliko chupa ya miaka 14, na si kwa tofauti ndogo.

Hilo ndilo ninalowadai wenye lebo wasiopika. Si kwamba waache kununua. Wanunue, Lawrenceburg inapika vizuri. Ninawadai wafanye kule ghalani kile nilichokifanya mimi mezani kwa kijiko, wao wakiwa na mapipa mamia na vipimo ambavyo mimi sina, na wawe na ujasiri wa kuandika umri mdogo penye wiski bora. Na ninaona sababu ya kulisema sasa. Mapipa yaliyojazwa kwa pupa katika miaka ya neema yamelijaza soko la Marekani, mauzo yamepoa, na MGP yenyewe imepunguza upishi. Mapipa yasiyo na mnunuzi huzeeka. Katika miaka michache ijayo tutaona chupa nyingi zaidi zenye tarakimu kubwa na nguvu ya pipa, kutoka kwa watu wengi zaidi wasiopika, na nyingine zitakuwa nzuri sana, na nyingine zitakuwa zimetolewa tu kwa sababu hapakuwa na la kufanya nazo. Anayenunua afanye kwanza kazi ya kusoma mgongo wa chupa, na akipata nafasi ya kuonja kabla ya kulipa, aombe maji.

Chupa yangu bado ina zaidi ya nusu. Sitaimwaga wala kuigawa. Nimechukua penseli, na pembeni mwa ile 14 kubwa nimeandika: mbili kwa moja na ya miaka saba, maji kijiko kimoja, saa moja chini ya kisahani.